Si Mama Aliyekifunga Chumba

Musinzira,
Gitega, Burundi.
21 Septemba 2025

Mpendwa kaka yangu Kastori,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, wewe na wifi Zuena na watoto wote. Baridi ya Mafinga imepungua? Kifua cha Nazario kimepona, au bado anakohoa kila akirudi shule? Mwambie shangazi yake anamuulizia. Na mgongo wako unaendeleaje? Mbao hazina huruma, na nakujua, hata ukiumwa husemi.

Sisi huku tuko. Wazima kwa maana kwamba tunakula, tunalala, asubuhi tunaamka. Zaidi ya hapo usiniulize. Mvua za kwanza zimegusa Gitega wiki hii, vumbi limetulia na watu wameshika majembe.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako haipokelewi. Nimepiga mpaka mume wangu Anatoli akaninyang'anya simu akaificha kabatini. Ya wifi nayo haipatikani. Ujumbe ninaokutumia siku hizi naona unafika, kusomwa hausomwi. Nikasema basi, karatasi haizimwi. Barua hii nimempa dereva wa Bwana Navroz, yule mwenye duka la vyombo kule Nyamugari. Anakwenda Dar es Salaam kuchukua mzigo na ameniahidi ataiposti Kahama. Ukiifungua, nakuomba usiikunje katikati. Isome yote, halafu ndipo unikasirikie.

Jambo lenyewe nalisema sasa hivi nisije nikalizunguka. Jumapili ile, kule chumbani, Mama hakukufukuza. Narudia, kaka: hakukufukuza. Chumba kilijifunga chenyewe. Na lile ulilomuuliza alikujibu, ila wewe ulikuwa umeshatoka.

Nilipokutumia habari ya msiba uliandika neno moja tu, "Poleni." Kastori jamani! Poleni ni ya jirani anayepita njiani na kapu lake. Mtoto wa marehemu hawaandikii ndugu zake poleni. Neno hilo lilinitoa machozi kuliko kaburi lenyewe, na sikutanii. Ndipo nikajua umejitoa kabisa katika watoto wake, na nikajua kwa nini.

Ngoja nianzie kwenye kazi yangu, maana huko ndiko mambo yalikotokea. Unajua nafundisha watu wazima Kiswahili. Mafuta ya gari yalipoadimika nchini wanafunzi wakawa hawafiki, kituo chetu kikahamishia masomo kwenye video. Mimi nafundishia chumba cha nyuma cha duka la Bwana Navroz, kwa sababu umeme wake wa jua haukatiki na rezo, ndivyo wanavyouita mtandao hapa, iko nzuri. Mama yake, Bi Dolatkhanu, huniletea chai ya maziwa yenye tangawizi na kunionya nisipaze sauti wakati wa sala yake. Wanafunzi wangu ni makarani wa forodha, wauguzi, wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Kobero kwenda Tanzania kununua mali.

Wakiwa wote pamoja kwenye ukumbi mkubwa, kimya! Sura zimejipanga kwenye kioo, hakuna anayefungua mdomo. Ukiuliza swali kila mtu anamngoja mwenzake. Kwa hiyo sisi walimu tuna vyumba vidogo. Unabonyeza, darasa linagawanyika, wawili huku, watatu kule, kila kikundi na chumba chake, hawasikiani. Mwalimu anapita chumba hadi chumba kama mama mwenye nyumba anayefunua vyungu. Huko ndiko watu wanakoongea.

Nina mwanafunzi mmoja, mzee wa kahawa kutoka Ngozi, anaitwa Gervasi. Ukumbini hana lingine ila "ndiyo mwalimu". Siku moja nikamweka chumba kimoja na muuguzi kijana, waelezane habari za harusi. Nilipoingia kwao nikamkuta mzee anasimulia jinsi alivyomzika mkewe, Kiswahili kimevunjikavunjika, na yule kijana anafuta macho. Nilitoka taratibu bila kusahihisha kitu. Kuanzia siku hiyo nikaviamini vyumba vidogo kupita kiasi.

Vyumba hivyo huwa tunaviwekea muda. Usipoweka, watu wanahamia kwenye bei ya sukari na hawarudi tena. Muda ukiisha vinajifunga, kila mtu anajikuta amerudi ukumbini. Kuna namna ya kuwaonyesha watu sekunde za mwisho zikihesabika, lakini mimi niliiondoa, kwa sababu wanafunzi wakiiona tu wanaacha zoezi na kuanza kuagana. Nikazoea hivyo, na mashine ikabaki hivyo.

Sasa nije kwa Mama. Alipozidiwa mwezi wa saba mafuta hayakuwepo kabisa. Magari yalilala foleni kwenye vituo mpaka madereva wakawa wanapikia palepale. Kutoka Gitega mpaka kwa Mama Muyinga ni safari ya asubuhi moja, nawe unaijua, lakini kwangu ikawa kama Ulaya. Vumilia ndiye aliyemuuguza, peke yake na mdogo wetu Leonardi, na dada yetu amekonda, ukimwona utamhurumia.

Mama akamwambia Vumilia kwamba anataka kutoa usia. Na alitaka kwa utaratibu wa kwao, kama babu alivyofanya: watu wote watoke nje, mtoto aingie mmoja mmoja, aambiwe lake, atoke, asimwulize mwenzake ameambiwa nini. Mzaliwa wa kwanza ndiye anayeanza. Vumilia akamkumbusha kuwa Kastori yuko mbali. Mama akajibu, "Basi na wengine wangoje." Unamjua mwenyewe. Ugonjwa ulimaliza mwili wote, ubishi haukuugusa.

Lakini wewe simu ya Mama ulikuwa hupokei tangu kambi ya Lukole. Lile neno tunalikumbuka sote, tulikuwepo. Malori ya kuturudisha Burundi yamewashwa, virago vimepakiwa, ukasema hupandi. Ulikuwa umeshapata kazi, umeshampenda Zuena. Mama yuko juu ya lori amempakata Leonardi, akakupigia kelele mbele ya kambi nzima: "Kama hupandi, usiniite mama tena!" Hukupanda, na hukumwita tena. Miaka yote hii sabuni zako zimekuja, vitenge vimekuja kwa mikono ya wasafiri, na kila mara salamu ni "msalimieni mzazi". Mzazi! Akisikia hivyo alikuwa anainuka kwenda kutazama maharage jikoni, hata siku ambayo hakuna maharage motoni. Na huku mtaa mzima hauna jina jingine la kumwita ila Mama Kastori.

Basi nikafanya ujanja wa mwalimu. Nikaitisha mkutano wa ukoo kwenye video, wa kumwombea Mama, nikijua kwamba katikati ya watu wengi utakubali kuwepo. Ukaja, kamera umeizima, jina tu linaonekana. Tukasali, tukaimba, shangazi wa Nyarusange akaharibu wimbo kama kawaida yake. Kisha nikafungua vyumba vidogo. Shangazi nikamweka na wajukuu wapige soga, binamu zetu nikawaweka pamoja. Wewe nikakuweka na Mama, wawili, kama ninavyomweka mwanafunzi mwoga, bila kukuuliza.

Mimi nikabaki ukumbini peke yangu. Ningeweza kuingia kwenu kusikiliza, mwalimu anaruhusiwa, lakini usia hauingiliwi. Bi Dolatkhanu alichungulia na tasbihi yake mkononi. Nikamwambia kaka yangu anaongea na mama yetu. Akavuta kiti, akakaa nami.

Kilichotokea upande wako unakijua. Cha upande wa Mama nimekuja kukijua baada ya mazishi, nikiosha masufuria na Vumilia nyuma ya nyumba. Alinieleza huku anasugua sufuria moja ileile muda wote. Nakuandikia alivyonieleza.

Macho ya Mama yalikuwa hayaoni tena kioo cha simu, mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili. Alikuwa anasikia tu. Vumilia alimshikia simu huku amegeuzia uso ukutani, awaachie nafasi. Mlisalimiana. Alikuuliza kama unakula, ukasema unakula. Akauliza watoto, ukawataja mmoja mmoja. Halafu ndipo ukamwuliza: "Lile neno la Lukole bado liko palepale?" Vumilia anasema sauti yako ilitetemeka.

Mama akashikwa na kikohozi, kile kirefu kilichokuwa kinamkunja. Na alikuwa amemkataza Vumilia kabisa asiwasikilizishe watoto wake kikohozi hicho. Wewe unajua alivyokuwa na haya ya ugonjwa. Vumilia akazima kipaza sauti, akailaza simu kifudifudi kitandani, akamnyanyua ampe maji. Kwa hiyo wewe uliona giza ukasikia kimya. Umeuliza swali la maisha yako, ukajibiwa kimya. Na Mama akiwa bado ana kikombe mdomoni, muda niliouweka mimi ukaisha.

Chumba kikajifunga. Wewe ukajikuta ukumbini kati ya shangazi na wajukuu wanaocheka. Mama hakutokea, kwa sababu simu yake ikihamishwa chumba inatafuta rezo upya, na Muyinga siku ile rezo ilikuwa ya kubahatisha, ikakatika moja kwa moja. Nilikusikia, kaka. Ulisema, "Hata leo amenifukuza." Ungesema kwa hasira ningepata nguvu ya kukujibu. Ulisema polepole tu, ukatoka. Mimi nikadhani ni mambo ya mtandao, nikahangaika kumpigia Vumilia, nikajiambia Kastori nitampigia baadaye. Baadaye hukupokea, na mpaka leo hupokei.

Sasa soma hapa vizuri. Mama alipopata pumzi aliomba simu isogezwe mdomoni. Vumilia akaiinua, akaona kioo cheusi. Akataka kumwambia, lakini Mama alikuwa ameshaanza kusema, na Vumilia hakuwa na moyo wa kumkata. Ameniapia kwamba maneno ni haya, hajaongeza wala hajapunguza:

"Kastori, mwana wanje, neno lile lilikuwa la woga. Niliogopa kushuka upande huu bila wewe, nikadhani nikikutisha utapanda. Lilipotoka tu nikataka kuruka chini, lori likaondoka. Halikutoka moyoni. Watu wananiita kwa jina lako kila siku, na kila siku naitika. Zuena ni mtoto wangu. Watoto wako ni wangu. Kaa huko kwenu kwa amani, usijione mkimbizi tena. Na uniite, mwanangu. Uniite ninavyoitwa na wenzako."

Kisha akauliza, "Umesikia?"

Akauliza tena. Vumilia anasema alitamani ardhi immeze. Mama akaipapasa simu kwa vidole, akaisogeza sikioni, akasema kwa nguvu aliyokuwa nayo, "Kastori, umesikia?"

Leonardi alikuwa nje ya mlango anangoja zamu yake. Yule mtoto uliyemwacha amepakatwa juu ya lori sasa ni mwanamume, kaka, na ana sauti yako. Waliokujua kambini wakimsikia gizani hushtuka. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, amesikia kila kitu. Akajibu kutoka palepale alipo:

"Nimesikia, mama."

Mama akarudisha kichwa kwenye mto. Akamwambia Vumilia, "Ameniita." Akacheka, ndiyo, Vumilia anasema alicheka, na machozi yakamwingia masikioni kwa vile alivyolala. Akasema amechoka, hao wengine atawasemesha kesho. Alfajiri akafariki.

Nilifika Muyinga juu ya lori la kahawa, nimekaa kwenye magunia na kitenge cha msiba kichwani. Nilimkuta ameshavikwa gauni lake la bluu la Krismasi. Tumemzika pembeni ya Baba. Ulipofika wakati wa kutupa udongo wa kwanza, ambao ni wako wewe mzaliwa wa kwanza, watu wakamtazama Leonardi. Akarudi nyuma, akakataa mbele ya padri na waombolezaji wote, mpaka mjomba akachukua jembe. Walimsema sana. Mimi mwenyewe sikujua sababu wakati ule.

Sasa naijua, na kijana huyu ananitia uchungu kuliko wote. Hapokei komunyo. Hali chakula vizuri. Nimemwambia mara nyingi kwamba alifanya vyema, kwamba hata mimi ningejibu. Anasema amemdanganya mtu anayekufa, na kwamba alisema neno ambalo halikuwa lake kulisema. Jumamosi ya kwanza ya Desemba tunafanya kuganduka, siku ya kutoka msibani, na mzaliwa wa kwanza ndiye anayekaa kiti cha mbele na kuwashukuru watu. Wazee wamemwomba Leonardi akikalie kwa niaba yako. Amewajibu kwamba ameshachukua cha kaka yake kimoja, cha pili hachukui. Kiti kitabaki wazi, na Mama atasemwa vibaya kwamba alikufa na kinyongo na mwanawe.

Kazini naendelea. Vyumba vyangu siku hizi havina muda, nawaacha waongee mpaka wachoke wenyewe. Mzee Gervasi aliniuliza mbona hatuwafukuzi tena kama zamani. Nikamwambia mashine imeharibika, nikazima kamera yangu kidogo nikidai nakunywa maji.

Kuna jambo moja lilinijia nikiwa kwenye magunia yale, njiani kurudi Gitega. Mimi sikupewa usia. Vumilia, aliyemwogesha na kumlisha, hakupewa. Leonardi, mtoto wa mwisho aliyelala miguuni pake mpaka amekuwa mkubwa, alikuwa mlangoni anangoja na zamu yake haikufika. Katika sisi wanne ni wewe peke yako uliyepewa. Mama alikuwa na pumzi za mtoto mmoja tu, akazimaliza zote kwako. Sikuonei wivu. Lakini inaniuma sana kwamba aliyepewa ndiye asiyejua.

Kwa hiyo nakuomba, kaka, uje kwenye kuganduka. Usije kwa simu, sitafungua mkutano wowote. Panda basi mpaka Kahama, vuka Kobero, Leonardi atakuwa mpakani anakungoja. Mje na Zuena, na Nazario naye aione nchi ya babu yake. Najua utasema umechelewa, kwamba hakuna wa kumwita tena. Yupo huyu mdogo wako aliyeitika badala yako. Nenda naye kaburini, ita kwa mdomo wako, yeye akiwa amesimama hapo anasikia, ili lile neno litoke mikononi mwake. Mama alishaitika. Aliyebaki kufunguliwa ni Leonardi.

Anatoli anakusalimu, na anasema safari hii ukipiga simu hataificha. Vumilia anakusalimu sana, yeye anatandika kitanda chako tangu wiki iliyopita, mimi namwambia Desemba bado, hasikii. Shangazi wa Nyarusange anakusalimu kwa kelele. Bi Dolatkhanu, ambaye hakujui, amenituma nikwambie kwamba anakutaja katika sala yake. Wifi Zuena mpe mkono wangu, na msomee pale Mama alipomwita mtoto wake. Msomee kwa sauti, kaka, usimpe asome mwenyewe.

Mungu aliyempa Mama pumzi akamaliza kusema, akupe na wewe pumzi ufike.

Ni mimi dada yako nikupendaye bila kikomo,

Theodosia